Jembe la Apolo

Hadithi, hadithi! Nawasikia mnaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo, wanangu, utamu uje, ila uongo tuuache mlangoni. Mtu ninayewasimulia habari zake aliishi kweli, akapigwa kweli, akalima kweli, na kaburi lake lipo hadi leo pembezoni mwa msitu wa Ituri, huko Kongo.

Hadithi hii niliianza kwa sababu ya swali. Jumapili moja, wenzake walipokwisha kutoka wakikimbilia maandazi, binti mmoja wa darasa la sita alibaki kwenye benchi akikunja na kukunjua kitambaa chake. Akaniambia, "Mwalimu, umesema tuwashuhudie wenzetu. Mimi ninayekaa naye dawati moja nitamshuhudiaje, na Ijumaa nilimnyima kalamu, tena nikamwita mchafu mbele ya watu? Atanicheka."

Sikumjibu upesi. Swali lile ni kubwa kuliko anavyodhani, hata sisi wakubwa linatuuma. Nikavuta kiti, nikamsimulia habari za Apolo. Jumapili iliyofuata darasa zima likazidai.

Apolo alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, na jina la utoto wake lilikuwa Waswa, ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia kuzaliwa. Msije mkadhani alizaliwa na taa kichwani. Ujana wake aliupitisha kwenye vita na bangi, katika miaka ambayo Buganda iliwaka moto, wafuasi wa dini hii wakipigana na wafuasi wa dini ile. Humo humo ndimo alimomsikia Alexander Mackay, mmisionari Mskoti aliyekuwa fundi wa mikono, mtu wa nyundo na mashine ya kuchapia. Na hapa kuna jambo la kutufurahisha sisi wa Kiswahili: kabla Biblia haijapatikana kwa Kiganda, Mackay na wenzake waliwafundisha watu kwa Injili za Kiswahili, kazi ya Askofu Steere wa Zanzibar. Maneno yaliyovuka bahari kwa jahazi yakapanda bara mgongoni mwa wapagazi hadi kwenye ua wa Kabaka.

Waganda waliwaita Wakristo wa siku zile "wasomaji", maana kuamini na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja. Waswa naye akawa msomaji. Mwaka 1895 akabatizwa, akachagua jina la Apolo, kwa yule Apolo wa Aleksandria tunayemkuta katika Matendo ya Mitume. Jina la tatu alipewa na watu. Alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi juu ya kanzu yake nyeupe, wakamwita Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya. Bulaya yao na Ulaya yetu ni neno moja.

Mwaka uleule wa 1895 akatumwa Toro, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori ambayo vilele vyake vina theluji. Ng'ambo ya milima hiyo kuna bonde lenye joto, mto Semliki unapita katikati, na ukishavuka ukapanda tena unafika nchi iliyoitwa Mboga. Siku hizi huandikwa Boga. Chifu wake alikuwa Tabaro.

Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wametangulia kwenda huko, nao walishindwa wakarudi. Chifu aliwanyima chakula, wakalala njaa. Mtaniuliza: kwa nini wasilime? Kwa sababu kwa desturi ya Waganda wa wakati ule shamba lilikuwa la mwanamke. Mwanaume alijenga, alipigana, alihudhuria baraza za wakubwa. Msomaji mwenye kanzu nyeupe kushika jembe ilikuwa aibu. Siwalaumu walimu wale. Walikwenda mbali na kwao kwa ajili ya Injili, na njaa haina mzaha. Lakini walipofika mahali pa kuchagua kati ya heshima yao na kazi waliyotumwa, heshima ilikuwa nzito.

Apolo akaenda mwaka 1896. Akaenda na jembe.

Hebu simameni naye kidogo asubuhi moja huko Mboga. Umande bado umekaa kwenye majani. Ukungu unatoka msituni polepole kama moshi wa jiko lililolowa. Watu wanapita kwenda kisimani, wanamwona mgeni yule yule aliyezungumza jana habari za Mungu, amekunja kanzu yake hadi magotini, ameinama, jembe linapanda na kushuka. Udongo umemganda miguuni. Jasho linamtoka. Wanasimama. Wanatazamana. Hajawaambia neno hata moja asubuhi hii, ila tayari wamekwisha kujua mawili: mtu huyu hakuja kula vyao, na mtu huyu hana mpango wa kuondoka kesho, kwa kuwa hakuna apandaye ndizi akiwa safarini.

Wanangu, mimi nimesikia mahubiri mengi. Nimekaa chini ya vipaza sauti vilivyotikisa mabati. Naamini, na nalisema hili kwa moyo wangu wote, kwamba asubuhi kama ile ilihubiri zaidi. Jioni Apolo alipofungua kitabu, watu walikuwa wameshaiona mikono iliyokishika, imechubuka kama yao.

Sasa msidhani kwamba mtu akiishi vizuri basi kila mtu humpenda. Apolo hakunyamazia mabaya ili apate kuishi kwa amani. Alisema wazi juu ya ulevi, juu ya hirizi na uganga, juu ya kurundika wake. Maneno hayo yalimgusa chifu mwenyewe, na Tabaro akageuka mbogo. Watu wakakatazwa kumsaidia. Nyumba yake ikachomwa moto. Alipigwa, akaachwa akidhaniwa amekufa, na mwanamke mmoja akamhifadhi na kumuuguza mpaka akainuka tena.

Halafu likatokea la kutokea. Dada yake chifu alianguka juu ya mkuki uliokuwa umefichika kwenye majani marefu, akafa. Ilikuwa ajali, lakini lawama ilihitaji mtu wa kuibeba, na aliyechukiwa alikuwa karibu. Apolo akakamatwa, akafungwa kamba, akavushwa tena Semliki akiwa mfungwa, akatiwa gerezani huko Toro. Hapo alikuwa na haki ya kukata tamaa. Angeweza kusema, "Nimejaribu, wamekataa," na hakuna ambaye angemlaumu.

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba humo gerezani alimwona Yesu, akiwa anang'aa kama jua, akamtia moyo na kumhakikishia kuwa yuko pamoja naye. Sitalipamba neno hili. Nawaambia tu kilichofuata: hatia haikuonekana, akafunguliwa, na mlango ulipokuwa wazi mbele yake, nyumbani Buganda kukiwa upande mmoja na Mboga upande mwingine, akashika njia ya Mboga.

Kurudi kule ndiko kulikomvunja nguvu Tabaro. Chifu alizoea watu wanaokimbia wakitishwa, alizoea pia watu wanaorudi na silaha kulipiza kisasi. Huyu alirudi na jembe lake na kitabu chake, akasalimia, akaendelea pale alipoishia. Utamfanya nini mtu wa namna hiyo? Chifu aliyeamuru apigwe akaja kuomba kufundishwa, na baadaye akabatizwa.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Apolo aliwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1900, kisha kasisi mwaka 1903. Alifanya kazi Toro miaka mingi. Mipaka ya wakoloni ilipochorwa upya Mboga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji, na yeye akarudi kuishi huko, chini ya serikali nyingine. Miaka ya 1920, nywele zikiwa zimeanza mvi, akaingia msituni kwa Wambuti, watu wafupi wa Ituri ambao majirani zao waliwadharau. Akajifunza lugha yao, na Injili ya Marko ikaanza kutafsiriwa kwa lugha hiyo. Kwa Wambuti nataka mtulie kidogo. Mtu akijifunza lugha yako, ya nyumbani kwako, ile ambayo wengine wanaicheka, amekwisha kukuheshimu kabla hajakueleza anachoamini.

Jumapili ile ya kwanza, nilipofika hapa, binti wa kitambaa akanikatiza. "Lakini, Mwalimu, Apolo alikuwa mwema. Mimi nilishamwita mwenzangu mchafu."

Alikuwa na haki. Kuna wanaotaka kushuhudia na mikono yao haijachubuka kwa jembe, imechafuka kwa kosa. Na hao, mwanangu, ndio sisi wengi. Basi nikamwongezea habari nyingine, ya majirani wa Apolo.

Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe kule Kampala, Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, wote wawili wakiwa na kiu, wakiona kanisa lao limejaa watu na limepoa. Kutoka hapo, na kutoka Gahini, miaka ya 1930 ukawaka moto ambao wazee wetu huuita Uamsho. Ulipita Rwanda na Burundi, Uganda, ukaingia Bukoba, ukafika Kenya. Wimbo wa Tukutendereza mnaousikia wazee wakiuimba wanaposalimiana ulienea nao.

Uamsho ule ulijulikanaje mitaani, kwa watu ambao hawakuwahi kuingia kanisani? Kwa vitu vilivyorudishwa. Mtu alikuja mlangoni na mbuzi, akasema, "Huyu ni wako, nilimwiba." Mwingine alileta fedha alizomdhulumu tajiri wake. Mume alimwomba mke msamaha, jambo ambalo wengi hawakuwahi kulisikia. Mzungu alimkiria Mwafrika dharau yake, Mwafrika naye akamkiria Mzungu chuki yake, wakakaa meza moja. Walikuwa na neno lao kwa jambo hili: kutembea nuruni. Maana yake ni kuacha kuficha. Hawakungoja kuwa wasafi ndipo wamtaje Yesu, walimtaja huku wakisema wazi alipowakuta.

Nadhani hapa ndipo vijana wetu wengi wanapokwama. Wanadhani kumshuhudia Yesu ni kujionyesha kuwa huna doa. Basi mwenye doa ananyamaza, na asiyelijua doa lake anapiga kelele. Unaweka mstari wa Biblia kwenye simu asubuhi, na mchana unamsema mwenzako vibaya kwenye kundi la darasa. Waliousoma mstari ni haohao waliosoma matusi. Afadhali umwendee mmoja tu, ana kwa ana, umwambie, "Nilikukosea. Yesu ninayemfuata hapendi nilivyofanya, nami sikulala vizuri." Maneno hayo hayahitaji kipaza sauti, na hakuna atakayeuliza kama unayamaanisha.

Binti yule hakusema kitu. Alifunga kitambaa chake, akaniaga, "Kwaheri, Mwalimu," akaenda zake.

Jumapili iliyofuata aliniambia alichofanya. Jumatatu alinunua kalamu mbili kwenye kibanda cha karibu na shule. Moja akaiweka upande wa mwenzake wa dawati. Mikono, alisema, ilikuwa inatetemeka. Akamwambia kwamba alikosa kumwita vile, na kwamba anaomba radhi. Mwenzake aliitazama kalamu, akasema "haya", akaendelea kuandika. Basi. Hakulia mtu, hakuongoka mtu. Siku ya Alhamisi, wakati wa uji, mwenzake huyo akamuuliza, "Kwani siku ile ulikuwa unamaanisha kweli? Nani alikutuma?" Akamjibu kwamba hakutumwa na mtu. Wakazungumza mpaka kengele ikalia. Walizungumza nini hakuniambia, nami sikumwuliza, maana hayo ni yao.

Ninyi nyote mnaonisikiliza mna mtu mmoja anayeijua Ijumaa yenu. Anzeni na huyo. Kama mmechukua kitu chake, kirudisheni wiki hii. Kama mmemwambia neno, mwendeeni. Kama hamna deni naye, basi mpeni mkono katika kazi yake: mbebeeni ndoo, mfundisheni hesabu, mkae naye wenzake wanapomtenga. Akiuliza sababu, mwambieni bila kuogopa jina la Yesu. Asipouliza, endeleeni. Apolo aliendelea miaka zaidi ya 30.

Alifariki Mboga, tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliagiza jambo moja. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki, ambako ndiko kwao. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, kwa watu ambao alikuwa hajawafikia. Wakamzika hivyo.