Gobori na Risasi Yake

Bunduki zilizofika Machame na Moshi katika karne ya 19, pamoja na misafara ya pembe kutoka pwani, nyingi zilikuwa magobori, yaani bunduki za kushindiliwa mdomoni. Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalizuia bunduki zenye mifuo ndani ya kasiba zisiingizwe barani ovyo, bali yaliacha njia kwa gumegume za kasiba laini. Basi wenyeji waliachiwa silaha ya kubahatisha.

Mtu akikosa nguruwe mara tatu kwa gobori, ni rahisi kusema bunduki imerogwa. Mwalimu aambiwaye hivyo hafai kukanusha tu. Na aonyeshe sababu.

Sababu hujulikana kwa kupima. Bunduki hufungwa imara juu ya gogo, baruti hutiwa kwa kipimo kimoja kila mara, kisha hupigwa mara tano kwa kila namna ya risasi, ubao ukiwa hatua arobaini. Hatutazami tundu moja lililo katikati, kwa maana bahati nayo hupiga katikati; twatazama matundu yote matano yamekaribiana kadiri gani.

Risasi ya mviringo iliyo ndogo kuliko kasiba hugonga ubavu huu na ubavu huu, na mwendo wake hufuata pigo la mwisho kabla ya kutoka. Kwa hiyo matundu hutawanyika. Risasi iyo hiyo ikivikwa kitambaa chembamba chenye mafuta, ikashuka kwa kusukumwa na mdeki, haichezi tena, na moshi wa baruti haupiti kando yake bure, matundu hukaribiana. Hapa ndipo penye siri yote ya kitu kiitwacho uchawi.

Wengine hutia misumari au vipande vya chuma. Neno risasi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni jina la madini yenyewe. Hivyo “risasi ya chuma” ni usemi wa ajabu. Tena chuma cha ukubwa ule ule kina uzito wa sehemu saba tu katika kumi za risasi, hupoteza mwendo upesi, na hukwaruza kasiba. Kipande kisicho mviringo hupinduka hewani.

Risasi ndefu ya Mfaransa Minié, ya mwaka 1849, ina shimo nyuma, hutanuka na kushika mifuo, ikazunguka. Katika gobori laini haina mifuo ya kuishika, nayo huweza kupinduka njiani. Marisau yafaa kwa ndege wa karibu tu.