Mzee Selous na Mlingoti wa Bukoba

Mwezi Juni 1915 meli za Waingereza zilivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu, zikateremsha askari kaskazini ya mji wa Bukoba. Miongoni mwao alikuwamo mzee wa miaka 63, Frederick Courteney Selous. Wakuu wa jeshi lake walikuwa wamemkataa kwanza kwa sababu ya umri, hakukubali.

Hatumnyimi sifa yake. Katika kuvizia porini wachache walimshinda, maana alikuwa akiwinda ndovu kusini mwa Afrika tangu ujana wake. Lakini yafaa tuulize ushujaa ule ulimtumikia nani. Mwaka 1890 ndiye aliyewaonyesha njia watu wa Kampuni ya Cecil Rhodes hadi nchi ya Washona. Mwaka 1896, Wandebele walipoinuka kuidai nchi yao, Selous alipanda farasi akaongoza kikosi cha kuwapiga. Na mfanyakazi asikiapo neno Kampuni asidhani ni duka: ile ilikuwa na polisi, mizinga na bendera yake.

Huku Bukoba kilichotakiwa hasa ni mlingoti wa simu ya upepo wa Wajerumani. Kwa siku mbili watu walipigana. Mlingoti ukaangushwa, mji ukaporwa, Waingereza wakapanda meli zao wakaenda. Wajerumani wakarudi. Wahaya wa Bukoba, na wenzao wa Ihangiro, ambayo leo imo wilayani Muleba, hawakuwa na ugomvi na Mfalme wa Uingereza wala na Kaiser, wala hawakuulizwa neno. Mwaka 1916 walibadilishiwa bwana tu, na huyo wa pili akakaa hadi 1961.

Selous mwenyewe aliuawa kwa risasi tarehe 4 Januari 1917, mbali na hapa, huko Beho Beho karibu na mto Rufiji, akazikwa papo hapo. Mwaka 1922 pori kubwa likapewa jina lake. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita vile walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi, na wengi hawana kaburi lijulikanalo. Jina la kazi yao limebaki Kariakoo, Dar es Salaam, ilipokuwapo kambi yao, na wengi wanunuao ndizi pale hawajui asili yake.

Mwaka 2019 sehemu ya pori lile ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kaburi la Selous limo humo. Liachwe mahali pake. Tunachowaomba walimu wa Bukoba na Muleba ni kuwatuma wanafunzi kwa wazee, waandike majina ya mababu waliochukuliwa upagazi, kijiji kwa kijiji, kabla wazee hao hawajatutoka.