Jabali Lililotufikisha Kikaoni

Miezi michache iliyopita, baada ya sala ya Isha, kamati yetu ililetewa shauri ambalo halikuwa la mirathi wala la ndoa. Lilikuwa shauri la jabali. Jirani yetu mmoja, aliyerejea kutoka ughaibuni baada ya miaka mingi ya kazi, alijenga uani kwake bwawa la kuogelea la zege, ili mabinti zake wapate kuogelea kwa stara ndani ya kuta zao. Kisha akamtaka fundi amjengee upande mmoja majabali yenye maporomoko ya maji, mfano wa yale aliyoyaona mahotelini. Haukupita mwaka, jabali likapasuka, bwawa likavuja, na fundi akanyimwa theluthi ya ujira wake.

Kwa kuwa miongoni mwetu hapakuwa na mjuzi wa kazi hiyo, tulimwomba mzee mmoja mwashi afuatane nasi. Alitueleza kwamba jabali la namna hii ni tupu ndani. Nondo nyembamba hukunjwa kwa umbo linalotakiwa, wavu wa chuma hufungwa juu yake kwa waya, kisha hukandikwa tabaka la kwanza la saruji na mchanga na kuachwa na mikwaruzo. Tabaka la pili, lililo nene, ndilo linalochongwa lingali bichi kwa mwiko na brashi, au kugandamizwa ngozi ya mpira iliyotolewa juu ya mwamba wa kweli. Hunyweshwa maji siku 7 ndipo lipakwe rangi, nyepesi juu ya nyepesi.

Sanaa hii si ya jana. Bustani ya Buttes-Chaumont jijini Paris, iliyofunguliwa mwaka 1867, ina pango lililopambwa kwa saruji. Na mwaka huohuo mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, alipata hataza ya vyungu vikubwa vya mimea vya saruji iliyotiwa chuma. Naam, zege la maghorofa yetu lina nasaba na bustani.

Mzee alipolitazama jabali la jirani alitikisa kichwa. Ganda la unene wa sentimita 7 hukaribia kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Tulipima takriban mita 12 za mraba, nao ni uzito wa karibu tani mbili, uliowekwa juu ya mdomo wa bwawa bila msingi wake wenyewe. Akaparua ufa kwa msumari, kutu ikamwagika. Mchanga ulikuwa wa ufuoni. Chumvi yake huila nondo, na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, basi hulipasua ganda kutoka ndani. Bomba la maporomoko nalo lilizikwa bila mlango wa kulifikia.

Hapo ndipo fundi, aliyekuwa amenyamaza muda wote, alipouliza mchanga ule uliletwa na nani. Jirani yetu alitazama chini. Aliuleta yeye, kwa gari lake, na msingi aliukataa kwa kuokoa gharama. Lakini mzee hakumwachia fundi: kwa nini aliyejua akakubali? Fundi alijibu kwamba alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Sisi tulioandika kumbukumbu za kikao hatukupata neno la kuongeza.

Lipo jambo lililotutia hofu zaidi ya fedha. Fundi, kwa ustadi kweli, aliiga matumbawe ya pwani yetu, ambayo mawimbi huyala chini yakabaki na ukingo juu. Pango hilo lilikuwa ndani ya maji, na mtoto anayepiga mbizi angeweza kunasa kichwa chini yake. Mzee aliamuru lizibwe siku ileile, na bwawa lizungushiwe uzio usiopungua mita 1.2, wenye lango linalojifunga lenyewe.

Tulisuluhisha hivi: jirani alipe theluthi iliyobaki na anunue vifaa vyote, fundi abomoe na kujenga upya bila ujira, juu ya msingi uliotengana na bwawa. Wote wawili walitia saini, ingawa si kwa furaha. Kazi ilianza Jumatatu. Safari hii mchanga ulitoka mtoni, na fundi aliuonja kwa ulimi kabla haujashushwa garini.