Kaharabu au Sandarusi?

Mama mmoja mzaliwa wa Mohoro aliniletea ushanga wa rangi ya asali alionunua mjini kwa bei ya kaharabu. Nikamwomba punje moja.

Tuliitumbukiza katika maji yaliyokolezwa chumvi mpaka nyingine ikabaki chini bila kuyeyuka. Ikaelea. Kioo huzama, na vito vya njano kama sitrini huzama, basi hivyo tukaviondoa. Lakini sandarusi nayo huelea. Wala msidanganywe na muuzaji anayesugua punje kwenye kitambaa ikavuta kipande cha karatasi. Zote mbili huvuta.

Hukumu ilitoka kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha. Tone moja karibu na tundu, ukangoja kidogo, ukagusa. Kidole kikanata. Kaharabu ya Bahari ya Baltiki ina miaka milioni 40 hivi, imekomaa, tone hilo haliinatishi. Sandarusi ni utomvu mchanga, hulainika.

Na sandarusi ni yetu. Ni utomvu wa mti wa msandarusi, uliochimbwa ardhini mwambao huu, Rufiji ikiwamo, ukauzwa Unguja katika karne ya 19 na kupelekwa hadi Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi. Ukioshwa huonyesha vipele kama ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa. Ukishang'arishwa kuwa ushanga, huvioni tena.

“Mwanangu,” aliuliza mama, “yaani nimeuziwa walichochimba babu zangu?”

Nilimshauri amrudie muuzaji siku ileile, na chupa ya dawa mkononi.