Kufunga Tatizo Si Kulifuta

Kompyuta za AS/400, ambazo IBM ilizitangaza Juni 1988 baada ya kuzibuni Rochester, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, zilisifika kwa kufanya kazi miaka mingi bila kuyumba. Uimara huo unategemea pia daftari la matatizo la kompyuta hizo. Diski ikikosea kusoma, au kifaa kisipoitika, mfumo wenyewe hulisajili tatizo, hulipa namba, tarehe na msimbo wa hitilafu, kisha humsubiri binadamu. Binadamu naye mara nyingi haji, na orodha hurefuka.

Wapo wasemao maingizo ya zamani hayadhuru kitu, kwa kuwa hayali nafasi kubwa. Nafasi kweli si hoja. Hoja ni macho ya opereta. Pale kundi la diski linapolindwa kwa RAID-5, moja ikifa watumiaji huendelea na kazi kama kawaida. Ya pili katika kundi hilo ikifa kabla ya ile ya kwanza kubadilishwa, data inapotea. Onyo la kwanza likizikwa chini ya mamia ya matatizo yaliyokwisha zamani, ni rahisi kupitwa.

Wengine huona dawa ni kufuta yote siku moja. Hilo ni baya zaidi. Amri ya WRKPRB huonyesha kila tatizo limefikia wapi: limefunguliwa tu, limetumwa kwa watoa huduma, limejibiwa, au limefungwa. Kulifunga ni kusema limetatuliwa; kulifuta kwa DLTPRB ni kuondoa ushahidi, na hitilafu inayokuja na kutoweka hugunduliwa kwa ushahidi huo, fundi anapoona sehemu ileile imelalamika tena na tena. Ndiyo maana kuna kipimo kiitwacho QPRBHLDITV, kinachotaja siku za kulitunza tatizo kabla halijaruhusiwa kufutwa. Kutoka kiwandani ni siku 30, nazo (hapa wengi hupotea) huhesabiwa tangu tatizo liingie daftarini, si tangu lifungwe. Tatizo lililochukua siku 40 kutatuliwa laweza kufutwa siku ileile linapofungwa. Kwa mashine kongwe, siku 30 ni chache mno; ziongezwe. Na kabla ya kufuta, chapisha maelezo ya tatizo, uandike nani alilitengeneza, lini, na kwa kubadilisha kifaa gani.