Wakili Asiyesimama Mahakamani

Baba ataka niwe wakili. Nilidhani wakili ni mvaa joho anayemtetea mwizi mbele ya hakimu. Kumbe wapo wa biashara baina ya nchi na nchi.

Mmoja ni Robert Lighthizer wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947. Mwaka 1983 alikuwa naibu wa mjumbe wa biashara katika serikali ya Reagan. Kisha kwa miaka 30 hivi aliwatetea wenye viwanda vya chuma. Mali ya kigeni ikiuzwa Marekani kwa bei ya chini kuliko ya huko itokako, wakili wa namna hii hupeleka madai serikalini itozwe ushuru; tena huwaendea wabunge kuwashawishi. Hapo ndipo ninapotia shaka, maana mwenye fedha ndiye asikilizwaye.

Mwaka 2017 alirudi serikalini, sasa mjumbe mkuu. Mwaka 2018 chuma cha nchi nyingi kikatozwa asilimia 25. Walifurahi wale wale aliowatetea!

Julai 2020 alianza mazungumzo na Kenya yetu, nayo hayakuisha hata alipotoka kazini mwaka 2021. Upande wetu wa meza nao wataka wajuzi wa ushuru. Nimemwandikia Baba kwamba nakubali, ila anivumilie kwa hesabu: muhula uliopita nilipata alama 38.