Sura ya Tuzo: Kipi Kidumu, Kipi Kigeuke

Hafla ya kuwatunuku wanafunzi na watafiti waliofuzu hurejea kila mwaka, lakini wanaotunukiwa huwa wengine, kaulimbiu huwa nyingine, na pengine hata ukumbi huhama. Kwa hiyo kamati ya maandalizi hukabiliwa kila msimu na suala lile lile, la rangi, herufi na nakshi zitakazopamba kadi za mialiko, mabango, vyeti na ngao, hata mpita njia aitambue shughuli kabla hajasoma jina lake. Katika miji yetu mingi, na Sumbawanga ni mmojawapo, suala hilo aghalabu huachiwa fundi wa duka la steshenari katika wiki ya mwisho, naye, kwa kuwa hakupewa kitu cha kufuata, hutengeneza kile kinachompendeza siku hiyo. Vyeti vya miaka mitano vikitandazwa juu ya meza moja huonekana kana kwamba vimetoka shule tano mbalimbali. Hilo linanisikitisha, maana cheti hutundikwa sebuleni umri mzima, na mwenye nacho anastahili kuonekana kuwa ni mmoja wa safu ndefu ya waliomtangulia.

Wala dawa yake si kupiga chapa karatasi ile ile mwaka baada ya mwaka, hata macho yakinai. Watu wa pwani walikwisha kulipatia jambo hili ufumbuzi zamani: kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani maandishi yakaayo chini ya mji, mpangilio huo haugeuki, na kwa sababu haugeuki, mchoraji ana uhuru mkubwa wa kugeuza maua, rangi na maneno. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na kujulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, limetoa michoro isiyo na idadi, na hakuna hata mmoja uliomfanya mnunuzi aulize kama hiyo ni kanga.

Kaida hiyo hiyo imo katika tuzo yenye taadhima kuu duniani. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alikabidhiwa nishani yenye taswira ya Alfred Nobel, iliyosanifiwa na Erik Lindberg mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo washindi wa fasihi wa kabla yake waliipokea kwa sura hiyo hiyo. Lakini pamoja nayo alipewa shahada iliyochorwa na kuandikwa kwa ajili yake peke yake, kwa kuwa shahada ya kila mshindi wa Nobel ni kazi ya sanaa isiyo na pacha. Nishani humweka mshindi katika safu, nayo shahada humtofautisha.

Uhuru ukizidi, hata hivyo, kumbukumbu hupotea. Mwaka 2011 maabara ya Media Lab, katika chuo cha MIT nchini Marekani, ilipewa nembo iliyoundwa kwa programu ya kompyuta, yenye uwezo wa kujipanga kwa namna 40,000; ilisifiwa sana, lakini mwaka 2014 ilibadilishwa kwa nembo iliyojengwa juu ya gridi ya miraba saba kwa saba, ambayo kila kikundi cha utafiti kiliitumia kupata alama yake. Binafsi naipenda hii ya pili, kwa kuwa mifupa yake inaonekana.

Ufipa, uwanda wa juu wa mkoa wetu wa Rukwa ulipo mji wa Sumbawanga, hauna haja ya kuazima mifupa. Katika uwanda huu mababu waliyeyusha chuma kwa tanuru refu la udongo, lenye kimo cha mita 3 hivi, lililojivutia upepo kwa matundu ya chini pasipo mivukuto, na magofu ya matanuru hayo bado yapo. Tena mkulima wa Kifipa hufukia majani chini ya matuta ya duara, yaitwayo intumba, yakaoza humo, kisha msimu unaofuata akautawanya udongo huo na kupanda ulezi. Ningekuwa mjumbe wa kamati, ningeomba umbo la tanuru lidumu mahali pamoja, kwa herufi za aina moja, na chini yake yapangwe maduara kwa hesabu ya washindi wa mwaka huo, yakiwa tisa au thelathini, kwa rangi moja iliyochaguliwa kwa mwaka huo tu.

Mchoro wowote utakaochaguliwa upewe mtihani wa kazi halisi: utolewe fotokopi nyeusi, uchongwe katika muhuri, uchorwe ukutani kwa brashi, utumwe kwa WhatsApp katika simu ndogo. Ukipotea katika mojawapo ya hayo, urudishwe kwa mchoraji na mistari ipunguzwe.

Nawasihi, basi, walimu wakuu na wanakamati wa Rukwa, kabla ya hafla ijayo, waandike katika karatasi moja yale yasiyogeuka na yale yenye ruhusa ya kugeuka, karatasi hiyo waihifadhi katika jalada la shule, na nakala yake wampe fundi wa steshenari mapema, mwezi mzima kabla ya siku yenyewe.